Nani Kafa

Natoka Limbani, nyota moja ingali juu ya mnara,
ushungi nimeufunga fundo mbili kisogoni,
raba za mtumba zina tope la jana.
Kilima cha kwanza hakimo kwenye ramani.
Sisi twakiita Kata Pumzi,
nacho hakijapata kukanusha.

Bi Mwache keshaamka, anafagia uwanja.
“Mwalimu! Nani kafa?”
Kwani huku mtu mzima hakimbii bure.
Hukimbia mwizi, na wanaomwandama.
Hukimbia aliyetumwa kwa mkunga.
Hukimbia kila mtu, hata imamu,
wingu likitanda na karafuu zimeanikwa.
“Hakuna, bibi. Nafanya mazoezi.”
“Ya nini?”
Kilima kimeshanichukua ulimi.
Nampungia mkono, napanda.

Mteremko. Magoti yanalia kama bawaba.
Ni msimu, na nusu ya lami ni majamvi:
karafuu za jana kijani bado, za juzi zishaiva jua,
harufu imesimama njiani kama mtu.
Shaame, wa darasa langu la sita,
amekaa na ufito anawinga kuku.
Anavuta pembe ya jamvi,
ananiachia njia upana wa nyayo mbili.
“Pita, mwalimu, lakini usinikanyagie kanzu ya Idi.”

Cha pili ni kirefu, kinapindapinda
kama mtu anayetafuta udhuru.
Baba alikipanda hiki na pakacha begani.
Hakusema mandhari. Alisema mzigo.
Kila kilima kwake kilikuwa na kipimo:
hiki cha kutua mara moja,
kile cha kutua mara tatu
na kumtukana mwenye shamba kimoyomoyo.
Mimi nina saa ya Darajani inayonihesabia mapigo,
na mgongo mtupu,
na bado nahema kumshinda.

Juu.

Hapa nasimama. Asiyesimama hapa ana deni na macho yake.
Vilima vyarudi nyuma kimoja baada ya kimoja,
mikarafuu kichwa kwa kichwa,
mnazi mmoja mmoja ukichungulia,
moshi wa jiko la mtu haujui pa kwenda.
Chini, bamvua limeingia hadi ndani ya bonde,
na hori lililokuwa tope jana mchana
leo ni ziwa, limetulia,
mikoko imesimama ndani yake maji magotini.
Ziwa la kuazima. Saa tatu lishadaiwa.
Na magharibi, mvua ikiwa imeosha usiku,
mstari wa buluu ng'ambo ya mkondo.
Faki wa bandarini asema ni milima ya Usambara.
Mkewe asema ni mawingu.
Wana miaka thelathini katika ndoa
na hakuna kadhi aliyewapatanisha kwa hilo.
Leo ni milima. Nimeamua mimi.

Mama hakuwahi kuja hapa kutazama.
Sukari ilianza na kidole kidogo,
ikampanda mguuni kama mimi kilimani,
hatua fupi, bila kutua.
Walimkata chini ya goti mwezi wa Rajabu.
Mfungo Mosi tukamzika.
Kisha daktari akanipima mimi.
Akatazama karatasi,
akatazama miguu yangu,
akanyamaza muda mrefu kuliko dawa aliyoandika.

Kurudi, Bi Mwache ameketi, ufagio mapajani.
Nasimama, siku ya kwanza kusimama.
“Ulivyoniuliza,” namwambia, “nani kafa…”
Ananitazama. Yeye ndiye aliyemkosha.
“Najua,” asema. “Kunywa maji.”
Maji ya mtungi, kwa kata ya kifuu,
yana moshi wa ubani kwa mbali.

Kesho njia ya Gando.
Ina vilima vitano,
na cha tatu hakijanikubali.